Simba yupi? Ugumu wa kumwandika mbwa wa Simiyu

Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, mpango wa miaka mitano. Ng'ombe anachanjwa, anavishwa hereni yenye namba, na namba inaingia kwenye mfumo. Mbwa anayelinda zizi la ng'ombe huyohuyo hana hereni wala namba. Akibahatika ana cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, kimechomekwa mahali fulani juu ya dari, mchwa wakiwa hawajakifikia.

Sasa tuseme mtu anataka kufungua Simiyu kituo cha kuokoa mbwa na paka na kuwatafutia makazi mapya, kazi ambayo chama cha kutetea wanyama cha Kenya, KSPCA, kinaifanya Nairobi. Wengi wangeanza kwa kutafuta fundi wa kompyuta. Huyo angesubiri. Kazi ngumu ni kuamua mambo gani yaandikwe kuhusu kila mnyama, kwa maneno gani, na nani aruhusiwe kuyasoma. Wataalamu huyaita makubaliano hayo mfumo wa metadata, na ukikosewa, hata kompyuta ya bei mbaya itahifadhi takataka kwa mpangilio mzuri.

Simiyu haianzi na karatasi tupu. Mwaka 1994 homa ya mbwa iitwayo distemper iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini wakashukiwa kuwa chanzo. Tangu 2003 kampeni za chanjo za kila mwaka zimekuwa zikifanyika katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi hiyo, vikiwamo vya Meatu na Bariadi, mkoani Simiyu. Kila kampeni ina fomu zake, na humo ndimo matatizo yote ya usajili yanamojitokeza.

Jiweke mezani pa mwandishi, nje ya ofisi ya kijiji. Kijana anafika anamburuta mbwa kwa kamba ya katani.

"Anaitwa nani?"

"Simba."

Anayefuata naye ni Simba. Wa tatu ni Popi, halafu Simba mwingine. Jina la mbwa, basi, linafaa kumwita tu; halitoshi kumtambulisha. Mwenye mbwa je? Kijana anataja jina la baba. Mwaka ujao dada yake ndiye atakayemleta mbwa yuleyule, naye atamtaja babu, maana mji ni wa babu. Kompyuta itahesabu mbwa wawili. Dawa yake ni kusajili kaya kwanza, pamoja na kitongoji, kijiji na kata, kisha mbwa aandikwe chini ya kaya hiyo kwa namba yake mwenyewe.

Umri nao una hila zake. Jibu la kawaida katika mkoa wa wakulima wa pamba ni kwamba alizaliwa wakati wa mavuno. Ni jibu zuri kabisa, lakini fomu inayodai tarehe kamili humlazimisha mwandishi kubuni, na tarehe ya kubuni ikishaingia haitofautiki na ya kweli. Heri kuandika mwezi na mwaka, na pembeni neno moja: kadirio.

Kuna kosa la hatari kuliko hilo. Swali "amewahi kung'ata mtu?" likiachwa wazi, anayesoma baadaye atadhani jibu ni hapana. Lazima kuwe na majibu matatu: ndiyo, hapana, haijulikani. Familia yenye watoto inayochukua mbwa kituoni ina haki ya kujua tofauti hiyo.

Kisha kuna yasiyobadilika na yanayotokea. Jinsia na mabaka vikae kwenye ukurasa wa mnyama. Chanjo, kuhasiwa, kupokelewa, kukabidhiwa na kufa viandikwe kama matukio, kila moja na tarehe yake na jina la aliyehusika. Kwa chanjo iongezwe namba ya toleo la dawa.

Namba ya mnyama iwe ipi? Chipu ya kimataifa ina tarakimu 15, ila bila kisomeo haina maana, na ni ofisi chache zenye kifaa hicho. Watafiti wamejaribu vijijini Tanzania programu ya simu inayotambua sura ya mbwa. Kwa sasa picha mbili, ya uso na ya ubavu, zingefaa kuanzia.

Namba ya simu ya mwenye mbwa ni habari nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu, kwa hiyo haiwezi kubandikwa ukutani pamoja na picha ya mbwa anayetafuta makazi.

Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na kipimo kinachotajwa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Asilimia 70 ya wangapi? Pasipo daftari lenye kuaminika hakuna anayeweza kujibu. Chanjo ikifika kijijini kwako, nenda na mbwa, na ukichukue pia cheti cha mwaka jana.