Choa sugu Kimana: mara nyingi tatizo limo ndani ya tyubu

Choa hutibika. Fangasi wanaokisababisha wanajulikana vyema, na dawa za kuwaua zimekuwepo tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Lakini ukitembea Kimana siku ya soko, haichukui muda kumsikia mtu akilalamika kwamba ngozi yake imekataa dawa. Alijipaka tyubu ya kwanza, mwasho ukatulia, ukarudi. Akabadilisha tyubu, ukatulia tena, ukarudi na mabaka makubwa zaidi. Sasa yamezunguka kiuno na kushuka kwenye kinena, naye anasadiki kwamba damu yake ni chafu, au amerogwa, au ana ugonjwa ambao hospitali imemficha. Mara nyingi hana lolote kati ya hayo. Ana choa cha kawaida kilicholelewa kwa miezi na dawa isiyomfaa.

Kimana ni mahali pa maji katikati ya ukame. Chemchemi zinazolishwa na Mlima Kilimanjaro hunywesha mashamba ya nyanya na vitunguu, na mkulima hushinda mferejini akiwa na gambuti. Miguu inalowa kutoka asubuhi hadi jioni, na ngozi iliyo kati ya vidole, hasa kile kidogo na jirani yake, inabaki nyeupe, laini, yenye kubambuka. Fangasi wa miguu huanzia hapo. Nje ya mashamba kuna maboma ya wafugaji, ambako ndama hulala karibu na watu na watoto ndio walezi wao. Ndama nao wana choa chao, kinacholetwa na fangasi aitwaye Trichophyton verrucosum: mabaka ya kijivu yenye magamba kuzunguka macho na shingoni. Kwa ndama hupona yenyewe baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo wafugaji wengi hawayahangaikii. Mtoto anayemkumbatia huyo ndama ndiye anayepata yake mkononi, shavuni au kichwani. Ukienda Kitengela, ndama ni wachache, lakini kuna vijana wa bodaboda wanaokalia kiti cha plastiki kutwa nzima, jinzi nzito juu ya kaptura ya nailoni, na jasho la kinena halipati nafasi ya kukauka.

Fangasi hawa wanakula keratini, protini ngumu inayojenga tabaka la juu kabisa la ngozi, nywele na kucha. Hawahitaji kuingia kwenye damu, na kwa mtu mwenye kinga nzuri hawaingii. Wanaanza kama kijidoa, kisha wanatambaa kuelekea nje kutafuta ngozi mpya huku mwili ukiwaondoa katikati. Ndiyo maana choa kina umbo la duara, na ndiyo maana watoto wa shule wamekiita mashilingi kwa vizazi vingi. Sehemu iliyo hai zaidi ni ule ukingo uliovimba, na fangasi wengine wako tayari nje yake, katika ngozi inayoonekana nzima. Anayepaka dawa katikati ya duara, mahali panapomwasha zaidi au panapomuaibisha zaidi, anapaka mahali ambapo vita vimekwisha kupita. Krimu ipakwe kuanzia kama sentimita 2 nje ya ukingo, kisha iingizwe ndani.

Sasa tuje kwenye tyubu yenyewe. Katika maduka mengi ya dawa, kutoka Oloitoktok hadi Kitengela, mtu akisema anawashwa huenda akapewa krimu yenye dawa tatu kwa pamoja: moja ya fangasi, kwa kawaida klotrimazoli, moja ya bakteria, kama gentamisini au neomaisini, na ya tatu ni steroidi, mara nyingi betamethasoni au klobetasoli. Muuzaji hana nia mbaya. Hana darubini, foleni ni ndefu, na krimu hiyo inaonekana kujibu kila swali kwa mpigo: kama ni fangasi itaua, kama ni usaha itaua, kama ni ukurutu itatuliza. Na mteja anarudi siku ya tatu akishukuru, maana mwasho umekwisha.

Shukrani hiyo inatokana na steroidi. Wekundu, uvimbe na mwasho wa choa haviletwi na fangasi moja kwa moja. Ni jeshi la kinga la mwili likipigana nao ndani ya ngozi. Steroidi huliamuru jeshi hilo kuweka silaha chini. Ngozi inatulia, mgonjwa analala usingizi, na fangasi waliobaki wanatambaa bila kizuizi. Klotrimazoli iliyo katika mchanganyiko ule ingeweza kuwamaliza kama ingetumiwa hadi mwisho bila mwenzake huyo, lakini mtu aliyeacha kuwashwa siku ya tatu huacha kupaka siku ya tano. Wiki mbili baadaye choa kinarudi, na kwa kuwa mgonjwa anakumbuka ni tyubu ipi iliyomsaidia haraka, anainunua hiyo hiyo. Mzunguko huu unaweza kuendelea mwaka mzima.

Mwaka 1968, Ive na Marks waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu wagonjwa wa namna hii. Choa chao kilikuwa kimepakwa steroidi hadi kikapoteza sura: hakuna duara safi, hakuna magamba, mabaka yametapakaa yakiwa na vipele vidogo, na daktari asiyeuliza maswali hudhani ni ugonjwa mwingine kabisa. Zaidi ya nusu karne imepita na sura hiyo imekuwa ya kawaida katika kliniki za ngozi. Madhara yake hayaishii kwenye fangasi. Steroidi kali ikipakwa kinenani, kwapani au usoni kwa miezi huifanya ngozi iwe nyembamba na kuacha michirizi isiyofutika. Klobetasoli hiyo hiyo imo katika krimu nyingi za kujichubua, kwa hiyo dada anayepaka moja kwa ajili ya rangi na nyingine kwa ajili ya mwasho anajipaka steroidi mara mbili bila kujua. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya krimu hizi za mchanganyiko kuuzwa kama peremende bila cheti cha daktari.

Anayeziacha ajue jambo moja mapema. Siku za kwanza mwasho utapanda, kwa sababu kinga ya mwili inaamka na kuwakuta fangasi wengi. Watu wengi hushindwa hapo na kurudi dukani. Ikiwa umezitumia kwa miezi mingi, au umezipaka usoni, mwone kwanza afisa wa kliniki akuongoze katika kuacha.

Kinachotakiwa kwa choa cha mwilini ni krimu yenye dawa moja tu, ya fangasi. Klotrimazoli ya asilimia 1 ni ya zamani, rahisi na nzuri. Inazuia fangasi kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayoshikilia utando wa chembe yake. Fangasi anakoma kukua, kisha ngozi inayobambuka inamtoa nje pole pole. Kwa kuwa tabaka hilo la juu la ngozi huchukua wiki kadhaa kubadilika, klotrimazoli hupakwa asubuhi na jioni kwa wiki 2 hadi 4, na kuendelea angalau wiki moja baada ya baka kutoonekana. Terbinafini ya asilimia 1 ina bei ya juu zaidi, lakini huharibu utengenezaji huo huo katika hatua ya mapema na kumuua fangasi, kwa hiyo wiki 1 hadi 2 mara nyingi hutosha.

Hapa kuna hesabu ambayo wagonjwa wachache huelezwa. Kamulia krimu kwenye kidole cha shahada kutoka kiungo cha mwisho hadi nchani: hiyo ni kama nusu gramu kwa mtu mzima, nayo inatosha eneo la viganja viwili. Ukiwa na baka la ukubwa huo na kupaka mara mbili kwa siku, unatumia gramu moja kila siku, yaani gramu 28 kwa wiki nne. Tyubu ya gramu 20 inaisha siku ya 20. Mwenye mabaka mawili makubwa ataimaliza siku ya kumi. Kwa hiyo wengi wanaodhani dawa imeshindwa walimaliza tyubu kabla ya kumaliza tiba, na hakuna aliyewaambia tangu mwanzo kwamba wangehitaji ya pili.

Kwa asiyeweza kumudu tyubu ya pili kuna mafuta ya Whitfield, yaliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na daktari wa ngozi wa Uingereza, Arthur Whitfield: asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Yanawasha kidogo na hayafai usoni wala kinenani, lakini kwa miguu na mikono bado yanafanya kazi. Kusema kweli, elimu ya ngozi haiko mbali na Kimana. Ng'ambo ya Kilimanjaro, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kuna Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha kanda hii kilichofunguliwa 1992, na kimefundisha maafisa wa kliniki na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kilianzishwa kwa kutambua kwamba mgonjwa wa kijijini hatamfikia bingwa, na kwamba anayemwona zahanati ndiye anayepaswa kujua choa.

Kuna mahali ambapo krimu haifiki hata ikipakwa kwa uaminifu. Punye za kichwani zimeingia ndani ya unywele hadi kwenye shina lake. Krimu inabaki juu huku mtoto akiendelea kunyonyoka. Anahitaji vidonge, mara nyingi griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8, na dawa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi ikiambatana na chakula chenye mafuta. Kikombe cha maziwa ambayo hayajaenguliwa krimu, kitu kisichokosekana bomani, ni sehemu ya tiba. Kucha nazo huhitaji vidonge kwa miezi. Na choa kilichotoka kwa ndama kinaweza kuvimba kichwani mwa mtoto hadi kikafanana na jipu lenye usaha. Lisipasuliwe. Ni fangasi, na linapona kwa vidonge. Kisu kitamwachia kovu lisiloota nywele.

Usugu wa kweli pia upo. Mwaka 2020 wanasayansi walimpa jina fangasi aitwaye Trichophyton indotineae, aliyeenea India na nchi jirani, ambaye mara nyingi haathiriwi na terbinafini kwa sababu ya mabadiliko katika jeni inayolengwa na dawa hiyo. Mwaka 2023 Marekani iliripoti wagonjwa wake wa kwanza, huko New York. Wataalamu wengi wanaamini kwamba krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazouzwa ovyo, zilichangia kumsambaza. Kwa kuwa tyubu za aina hiyo zimejaa rafuni kwetu, hilo lilipaswa kutushtua zaidi kuliko linavyotushtua.

Na si kila baka ni choa. Mba za shingoni na kifuani hazina ukingo uliovimba, na rangi ya ngozi hurudi baada ya miezi hata fangasi wakiwa wamekufa. Baka lililopauka na lisilohisi mguso linaweza kuwa ukoma, nalo halingoji tyubu yoyote. Choa kilichotapakaa mwili mzima kwa mtu mzima ni sababu ya kupima sukari na virusi vya ukimwi. Ikiwa umepaka dawa sahihi kwa wiki nne bila nafuu, omba ngozi ikwanguliwe. Magamba huwekwa kwenye kioo pamoja na tone la haidroksidi ya potasiamu, na darubini ile ile ya malaria inatosha kuonyesha nyuzi za fangasi. Nenda na maboksi ya kila krimu uliyotumia, zikiwemo za urembo. Na ukiweza, usipake dawa yoyote ya fangasi wiki mbili kabla ya kipimo, kwani mabaki yake huwaficha fangasi na maabara ikaandika kwamba hawapo.