Kamba ya goti imekatika: je, ni lazima kupasua?

Vijana wa mupira wanajua jambo hili. Unakimbia, unageuka kwa gafula, mguu unabaki chini na goti linapindika. Unasikia kitu kinalia ndani. Mbele ya usiku goti limevimba sana.

Ndani ya goti kuna kamba mbili zinazopitana kama musalaba. Mara nyingi ile ya mbele ndiyo inakatika. Yenyewe inazuia mfupa wa chini usiteleze kwenda mbele. Kisha majuma machache maumivu yanapunguka, na mutoto anasema: "Mama, nimepona." Bado! Anarudi uwanjani, ao anabeba gunia la mawe kule mugodini, na goti linamwachia. Kila mara linapoachia linaweza kuharibu vitu vingine ndani.

Wazazi, musikubali goti lenye kuvimba livutwe na kusuguliwa kwa nguvu. Wekeni barafu ndani ya kitambaa, dakika 15, na atembee na mikongojo. Kama hawezi kukanyaga hatua 4, ao goti limekwama, ao mguu umekuwa baridi, muende hopitali siku ileile.

Sasa juu ya kupasua. Kuna familia zinazokata tamaa sababu ya feza. Lakini mwaka 2010 waganga wa Uswidi walitangaza habari ya vijana 121 waliokatika kamba hii. Wamoja walipasuliwa mapema. Wengine 59 walianza na mazoezi, na kupasuliwa kungefuata tu kama goti halitulii. Kisha miaka 2 hali ya vikundi vyote viwili ilikuwa karibu sawa, na kati ya wale 59, ni 23 tu waliopasuliwa.

Lakini mazoezi yale hayakuwa muchezo. Muganga wa viungo, yule tunayeita kine, anaanza na vidogo: kaa chini, nyoosha mguu, weka kitambaa kilichokunjwa chini ya goti, ukisukume chini, hesabu mupaka 5, achilia. Mara 10, tena na tena kila siku. Kiisha kuinua mguu ulionyooka, kuketi na kusimama polepole, kusimama kwa mguu mumoja. Nyama ya paja ikipata nguvu, yenyewe inasaidia kushika goti.

Ni kazi ya miezi, na najua patron wa shimo hapendi kungoja. Basi kwanza atafutiwe kazi isiyo ya kubeba. Aliyepasuliwa asirudi kwenye mupira mbele ya miezi 9. Hata hapo kine atamwambia aruke kwa mguu mumoja, halafu kwa ule mwingine, na kupima mbali gani amefika. Kama mguu mugonjwa unabaki nyuma sana, angoje tena.