Je, Wajua? Kistari Kimoja Kinachokwamisha Programu

Je, wajua kuwa katika lugha ya C neno int halina ukubwa mmoja? Kiwango kinadai tu lisipungue biti 16. Kwenye PDP-11, mashine iliyoilea C miaka ya 1970, lilikuwa biti 16. Kwenye simu yako leo ni 32.

Je, wajua kuwa long ni kigeugeu zaidi? Linux ya biti 64 huitengea biti 64; Windows ya biti 64 huitengea 32.

Ndiyo maana kila kambi ilijitungia majina. BSD ina u_int32_t, GLib ina guint32, Windows ina DWORD. Yote ni kitu kilekile: namba kamili ya biti 32 isiyoshuka chini ya sifuri, kikomo chake 4,294,967,295.

Je, wajua kuwa jina la wote, uint32_t, lilikuja na kiwango cha C99 mwaka 1999? Limepishana na lile la BSD kwa kistari kimoja tu baada ya u, na kompaila haisamehi kistari.

Je, wajua anayeumia ni nani? Si mwenye maktaba ya programu. Ndani ya msimbo wake atumie jina alipendalo, ni kwake. Lakini faili la .h analowapa watumiaji huingia zima ndani ya programu zao, pamoja na majina yake yote. Maktaba mbili zikijitangazia u_int32_t kila moja kivyake, programu inayozitumia pamoja ilikataliwa na kiwango hadi C11, hata matangazo yakifanana herufi kwa herufi. Huko ni kumtwisha mgeni mzigo wa mwenyeji, na mimi naona maktaba yoyote inayoheshimu watumiaji wake iondoe majina hayo kwenye mafaili ya .h.

Je, wajua kuwa dawa, yaani kuweka uint32_t mahali pa u_int32_t, haina uchungu? u_int32_t na uint32_t kwa kawaida ni majina mawili ya aina ileile, kwa hiyo programu zilizokwisha kujengwa huendelea kufanya kazi.

Kutoa long kwenye faili la .h la maktaba na kuweka int32_t ni habari nyingine. Kwenye Linux ya biti 64 ukubwa wenyewe unabadilika, na kila programu inayoitegemea maktaba hiyo lazima ijengwe upya.