Jinsi ya Kupima Onyesho la Bendi ya Shule

Kupima onyesho la bendi ya shule ni kutazama mambo mawili: ufundi wa wapigaji, na jinsi muziki wao unavyowagusa wasikilizaji. Usukumani, kipimo cha pili ndicho cha zamani zaidi. Katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi huenda kwa kundi lililovuta watu wengi. Ndivyo inavyofanyika hadi leo katika sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na jiji la Mwanza.

Ushindani wa bendi nao una historia yake. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walianza kuiga bendi za kijeshi, ikazaliwa ngoma ya beni. Ilisambaa hadi bara, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindania sifa mbele ya umati.

Umati husema ukweli kwa miguu yake: ukichoshwa, huondoka. Lakini hauwaelezi wanafunzi kilichopungua. Hiyo ni kazi ya jaji, na huifanya kwa hatua.

Kwanza ni kupatana kwa sauti. Wapiga tarumbeta wawili wakipuliza noti moja, mmoja kwa mitetemo 440 kwa sekunde na mwingine 442, sikio husikia sauti ikivimba na kunywea mara mbili kila sekunde. Dawa yake ni mmoja wao kuvuta au kusukuma kidogo bomba la kurekebishia sauti. Jaji mwenye haki hukumbuka pia hali ya hewa. Hewa iliyo ndani ya tarumbeta ikipata joto, sauti hupanda; ongezeko la nyuzi joto 10 za Selsiasi linaweza kuipandisha kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Bendi iliyopatanisha vyombo darasani asubuhi, kisha ikapiga uwanjani jua likiwaka, itasikika tofauti. Kwa hiyo ipewe nafasi ya kupuliza na kupatanisha upya palepale uwanjani.

Pili ni uwiano wa vyombo. Wimbo mkuu usikike wazi, na sauti za chini ziubebe. Kosa la kawaida katika bendi changa ni ngoma kubwa na matoazi kufunika vyombo vya kupuliza, hasa penye uwazi ambapo sauti haina ukuta wa kuirudisha. Jaji husimama mbali kidogo, mahali wanapokaa wasikilizaji wa kawaida.

Tatu ni mapigo. Bendi ianze pamoja, iache pamoja, na isiongeze kasi penye furaha wala kuipunguza penye ugumu. Nne ni hisia: penye upole sauti ishuke, penye nguvu ipande, na wapulizaji wavute pumzi mwisho wa sentensi ya muziki, si katikati yake.

Wimbo wa Taifa ni kipimo kizuri cha hayo yote. Tuni yake, iliyotungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, huenda taratibu na ina noti ndefu, hivyo pumzi fupi na sauti zisizopatana hujitokeza mara moja. Kwa kuwa kila Mtanzania anaujua, hata mzazi asiyesoma muziki hulitambua kosa.

Tano ni uchaguzi wa nyimbo na nidhamu jukwaani. Wimbo mwepesi uliopigwa vizuri una thamani kuliko mgumu uliovurugika. Kuingia kwa utaratibu, kumtazama kiongozi na kuendelea kwa utulivu baada ya kukosea pia huingia kwenye alama.

Vigezo hivi vinafaa vilevile kwa kwaya na ngoma, ambazo shule za sekondari hushindana kwazo katika mashindano ya UMISSETA. Lakini alama peke yake haimfundishi mwanafunzi. Karatasi ya jaji itaje jambo lililofanywa vizuri, kosa lenyewe na mahali lilipotokea, pamoja na zoezi la kulirekebisha. Walimu na waandaaji wa mashindano wahakikishe kila bendi inarudi shuleni na maelezo hayo mkononi, iwe imeshinda au imeshindwa.