Uji wenye njugu, maziwa na maharagwe: Tambua dalili za mzio wa chakula

BAKULI la uji wa asubuhi katika maboma mengi ya Meru na Embu siku hizi si la wimbi pekee. Unga unaouzwa katika soko la Gakoromone mjini Meru, Runyenjes au Siakago huwa ni mchanganyiko wa wimbi, mahindi, mtama, soya, njugu karanga na wakati mwingine omena. Mama humpa mtoto uji huo akiamini kwamba unamjenga mwili, na kwa watoto walio wengi ndivyo ilivyo.

Lakini tuseme mtoto mmoja, dakika kumi hivi baada ya kumeza vijiko vichache, anaanza kujikuna shingo. Midomo inavimba, anakohoa, anatapika, kisha analegea. Nduguye aliyekunywa uji wa sufuria hiyo hiyo anacheza nje bila shida yoyote. Jirani anasema ni minyoo. Nyanya anashuku kijicho. Baba anakimbilia dukani kutafuta dawa ya tumbo.

Miongoni mwao wote, hakuna aliyetaja jambo ambalo lingemfikisha mtoto huyo hospitalini mapema: mzio wa chakula, au aleji kama wengi wanavyouita.

Kosa la aina hii hutokea kwa njia mbili. Wapo wanaodharau mzio wakidhani ni tumbo tu, na dharau hiyo inaweza kuua. Wapo pia wanaodhani kila tumbo linalonguruma ni mzio, wakamnyima mtoto maziwa au mayai kwa miaka mingi bila sababu. Ili kuepuka makosa hayo mawili, mzazi anahitaji kujiuliza maswali matatu: Dalili zilianza muda gani baada ya kula? Ni sehemu zipi za mwili zilizoathiriwa? Na je, wengine waliokula chakula hicho wameugua?

Mzio ni nini?

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapokosea na kuichukulia protini ya chakula kama adui. Mwili hutoa kemikali, ikiwemo histamini, ambazo huvimbisha ngozi, hubana njia za hewa na kulegeza mishipa ya damu. Neno aleji lenyewe lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Austria, Clemens von Pirquet. Miaka michache kabla ya hapo, Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walikuwa wamegundua kwamba kiasi kidogo mno cha kitu kinaweza kumwangusha mnyama ambaye mwili wake ulikwisha kukizoea kama adui. Ugunduzi huo ulimpa Richet Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Kutostahimili chakula ni jambo tofauti. Hapa kinga ya mwili haihusiki. Tumbo hushindwa kusaga chakula fulani ipasavyo, na mwenye tatizo hilo hupata gesi, msokoto na kuhara. Huumia, hukosa raha, lakini maisha yake hayamo hatarini.

Kwa kawaida mzio huanza haraka, kuanzia dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Hauhitaji chakula kingi. Chembe iliyosalia kwenye mwiko yaweza kutosha. Aghalabu huonekana nje ya tumbo. Ngozi hutoka mabaka yaliyofura na kuwasha, mithili ya ngozi iliyoguswa na upupu. Midomo, kope na ulimi huvimba. Pua hutiririka, macho huwa mekundu, na kutapika huweza kufuata.

Kutostahimili chakula, kwa upande wake, hutegemea kiasi. Kikombe kidogo hakimdhuru mtu, vikombe vitatu vikamlaza. Dalili zake hukaa tumboni na huchelewa, mara nyingi kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa.

Vyakula vinavyosababisha mzio mara nyingi zaidi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu karanga, njugu za mitini kama korosho na makadamia, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na simsim. Msomaji ataona kwamba kadhaa kati ya hivyo hukutana katika ule unga wa uji uliotajwa mwanzoni. Hata aliyeagiza wimbi mtupu anaweza kupata mabaki ya njugu, kwa kuwa mashine ya kusaga nafaka ni moja na husaga kila kinacholetwa.

Makadamia inastahili kutajwa peke yake. Zao hilo limekuwa tegemeo la wakulima wengi wa Embu na Meru, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazozalisha kwa wingi duniani. Watoto hubangua njugu hizo chini ya miti wakitoka shuleni, mbali na macho ya wazazi. Mtoto anayewashwa kinywani kila anapozila asilazimishwe kuzoea.

Wapo pia watu ambao hujikuna midomo na koo wanapokula ndizi mbivu au parachichi. Baadhi yao huwa na mzio wa mpira wa asili, ule wa glavu na baluni, kwa sababu protini za vitu hivyo zinafanana. Mtu wa namna hiyo amjulishe daktari kabla ya kufanyiwa upasuaji.

Dalili za hatari

Hali mbaya zaidi ya mzio huitwa anafilaksia. Mgonjwa hupumua kwa shida au kwa mlio wa filimbi kifuani, sauti hukwaruza, koo hubana, na hushindwa kumeza hata mate. Shinikizo la damu hushuka. Anapata kizunguzungu, anakuwa baridi na mnyonge, na huenda akazirai. Mtoto mchanga hulegea ghafla kama kitambaa. Si lazima ngozi itoke mabaka. Dalili za ngozi zikiandamana na za kupumua, au na kutapika mfululizo, mzazi asingoje nyingine. Aliye na pumu yumo katika hatari kubwa zaidi.

Dawa inayookoa maisha hapa ni adrenalini, ambayo hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Tembe za kuzuia mwasho, kama Piriton, hupunguza kujikuna tu. Hazifungui koo wala hazipandishi shinikizo la damu. Anayempa mgonjwa tembe hizo kisha akaketi kungoja hupoteza dakika zenye thamani kubwa.

Kwa hivyo mgonjwa apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu chenye dawa za dharura. Aliye Kiritiri au Laare asipite kituo kilicho jirani kwa kuwa anataka hospitali kubwa ya Embu au Meru; adrenalini kwanza, rufaa baadaye.

Namna ya kumbeba ni muhimu vilevile. Alazwe chali huku miguu ikiinuliwa. Anayepumua kwa shida anaweza kuketi akiwa amenyoosha miguu, na anayetapika au aliyezirai alazwe ubavu. Asisimamishwe wala kutembezwa, kwa maana damu ikishuka miguuni moyo unaweza kusimama. Ndiyo sababu kumbana mgonjwa wima katikati ya watu wawili kwenye bodaboda ni hatari, iwapo gari linaweza kupatikana upesi. Asinyweshwe maziwa wala maji ya chumvi ili atapike, kama wengi wafanyavyo wanaposhuku sumu. Hata akipata nafuu, akae hospitalini kwa saa kadhaa, kwani dalili zinaweza kurudi.

Maziwa yanapokataa

Tukigeukia kutostahimili chakula, mfano ulio wazi kabisa ni maziwa. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, nayo husagwa na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Watoto wachanga huwa nacho kwa wingi, lakini takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa nacho baada ya kuacha kunyonya. Laktosi isiyosagwa hufika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha, na hapo ndipo gesi na kuhara huanzia.

Mwaka 2007, watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 470 kutoka Kenya, Tanzania na Sudan. Waligundua kwamba uwezo wa watu wazima kusaga maziwa ulizuka katika jamii za wafugaji za Afrika Mashariki kwa njia yake, bila kutegemea ule wa Ulaya. Hii ndiyo sababu majirani wawili wa kijiji kimoja wanaweza kunywa maziwa ya ng'ombe mmoja, mmoja akalala salama na mwingine akakesha chooni. Si uchawi wala uvivu wa tumbo. Ni urithi.

Mtu huyo halazimiki kuyaacha maziwa kabisa. Wengi huweza kunywa kikombe kimoja pamoja na chakula. Maziwa lala huwa mepesi zaidi kwao, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi.

Mambo hubadilika iwapo mtoto ana mzio wa protini ya maziwa. Mtoto huyo hutoka mabaka, hutapika, au choo chake huwa na michirizi ya damu. Kwake yeye maziwa lala si salama. Wala maziwa ya mbuzi si suluhisho, ingawa wengi hupendekeza hivyo katika eneo hili ambalo ufugaji wa mbuzi wa maziwa ulistawi tangu mradi wa shirika la FARM-Africa wa miaka ya 1990 huko Meru. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio wa moja hudhurika kwa la pili. Maziwa ya mama yabaki kuwa chakula chake, na daktari ashauri la ziada.

Ngano nayo ina mkasa wake. Mbali na mzio wa ghafla, upo ugonjwa wa siliaki, ambapo protini ya gluteni huchubua utumbo polepole. Mtoto huhara kwa miezi, hakui na hupungukiwa damu. Mgonjwa huyo hujiepusha na chapati, mandazi na mkate, lakini ugali wa mahindi, wimbi na mtama ni chakula chake halali mradi haukuchanganywa na ngano.

Wote wanapougua

Sasa tulijibu lile swali la tatu. Mzio humchagua mtu mmoja mezani. Ikiwa waliokula pamoja wameugua karibu wote, basi shuku chakula chenyewe.

Maharagwe mekundu yasiyoiva vyema ni mfano mzuri. Yana sumu ya asili inayoleta kichefuchefu na kutapika ndani ya saa moja hadi tatu. Mpishi wa githeri ayaloweke kwa saa tano au zaidi, amwage maji hayo, kisha ayachemshe kwa moto mkali kwa nusu saa kabla ya kupunguza moto. Joto dogo lisilochemsha haliiondoi sumu hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni aflatoksini, sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Tatu za kwanza zilikuwa katika Mkoa wa Mashariki, uliojumuisha pia Meru na Embu. Macho ya manjano, maumivu ya tumbo na uvimbe kwa watu kadhaa wa boma moja si mzio. Ni dharura inayopaswa kuripotiwa.

Afanye nini mzazi?

Anayeshuku kutostahimili chakula aandike kwa wiki mbili kila anachokula, saa aliyokila, dalili zilizofuata na saa zilipoanza. Kisha aache chakula anachokishuku kwa wiki mbili hadi nne, akirudie kidogo kidogo na kuona. Lakini aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa na pumzi asijaribu hivyo nyumbani hata siku moja. Huyo apimwe hospitalini, kwa kuchomwa ngozi kidogo au kwa damu, na majibu yasomwe pamoja na maelezo yake. Kipimo peke yake hakitoshi.

Hofu nayo isimfanye mzazi aahirishe vyakula bila mpango. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto walio katika hatari ya kupata mzio, waliopewa njugu karanga mapema kabla ya kutimiza mwaka, walipunguza uwezekano wa kupata mzio wake kwa takriban asilimia 80. Baada ya miezi sita ya kunyonya, mtoto aanzishwe chakula kimoja kipya kwa wakati mmoja, njugu zikiwa zimesagwa laini ili asipaliwe. Mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza.

Akishajulikana kuwa na mzio, habari zake ziwafikie mwalimu, mpishi wa shule na jamaa wanaomlea. Kwenye harusi na mazishi, ambako sahani hupakuliwa na watu wasiomjua, abebe chakula chake.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Midomo iliyovimba leo ikatulia yenyewe ni ufa huo. Mzazi auonyeshe kwa daktari wiki hii, kabla ya sufuria nyingine ya uji kuepuliwa jikoni.