Mikwaruzo ya Motokaa na Jinsi ya Kuitengeneza

Watu wengi waonapo mkwaruzo mdogo katika mlango wa motokaa hudhani kwamba umeharibika uzuri tu. Sivyo. Rangi ndiyo nguo ya chuma, nayo hukikinga na maji na hewa. Mahali ikatikapo, kutu huingia, ikatambaa chini ya rangi iliyo nzima mpaka bati likatoboka. Huko pwani, kama Mombasa, hewa yenye chumvi huiharakisha kazi hiyo. Basi jambo ambalo lingalimalizwa kwa kichupa kimoja cha rangi huja kuwa kazi ya kukata bati na kuchomelea.

Kwanza yakupasa kujua kina cha mkwaruzo. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990 yana tabaka tatu juu ya chuma: rangi ya msingi, ambayo mafundi huiita praima, kisha rangi yenyewe, na juu yake vanishi angavu. Osha mahali hapo kwa maji na sabuni, pakaushe, kisha pitisha ukucha polepole. Usiponasa, yamkini ni vanishi tu iliyoguswa, nayo hutengenezwa kwa polishi ya kusugulia na kitambaa laini. Ukinasa, rangi yenyewe huenda imekatika. Ukiona chuma au wekundu wa kutu, usikawie.

Kabla ya kununua rangi, tafuta namba yake. Mara nyingi imeandikwa katika kibati au karatasi iliyobandikwa penye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Usichague kwa macho, kwa maana hata nyeupe ziko za namna nyingi.

Mkwaruzo ukiwa umefika chumani, fanya hivi:

1. Weka motokaa kivulini. Bati lenye joto huikausha rangi kabla haijatulia.

2. Sugua kutu yote kwa msasa hata chuma kitakate. Kutu ikibaki, itaiinua rangi mpya.

3. Pangusa kwa spiriti, mbali na moto, wala usipaguse tena kwa vidole, kwani mafuta ya mkono huizuia rangi kushika.

4. Tia praima kidogo kwa brashi ndogo, ikauke.

5. Tia rangi mara mbili au tatu, nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Rangi nene huchuruzika.

6. Malizia kwa vanishi. Ikiisha kukauka kabisa, lainisha kwa msasa wa maji namba 2000, kisha tia polishi.

Pengine kiraka kitaonekana kidogo, kwa kuwa rangi ya zamani imepauka kwa jua. Si neno, chuma kimefunikwa. Lakini kutu ikiwa imetoboa bati, au imeshika mihimili ya chini, hiyo si kazi ya brashi. Mpelekee fundi hodari, kwa maana hapo ndipo ilipo nguvu ya gari, na usalama wa wote waliomo.