Lantana Iliyofunika Dirisha

Katika maboma mengi ya Nyanza na sehemu za magharibi ya Kenya huonekana tuta la maua lililopandwa zamani karibu na mlango wa mbele, ambalo sasa limefunika madirisha. Mara nyingi mti wenyewe ni lantana. Asili yake ni bara la Amerika, nayo ililetwa Afrika kwa ajili ya maua yake, ambayo huchanua manjano kisha hugeuka mekundu katika shada lile lile. Uzuri wake haukanushwi. Lakini ndege hula matunda yake meusi na kuzitawanya mbegu, hata kichaka cha mlangoni kikawa msitu katika malisho ya jirani.

Hasara yake si ya macho tu. Majani yake yana sumu. Ng'ombe ayalaye wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa haba, huharibika ini, na ngozi yake huchubuka kwa jua. Tena mwaka 1964, malale yalipozuka Alego, mbung'o walikutwa katika vichaka vya lantana karibu na nyumba za watu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale yamekoma kuwa tishio kwa afya ya umma nchini Kenya; lakini mbung'o bado wapo, na nagana ya ng'ombe bado ipo.

Wengi hukipunguza kichaka kwa panga kila mwaka. Hiyo ni kazi bure, maana lantana iliyokatwa huchipuka upya shinani. Sharti kuchimba. Wakati ufaao ni Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu. Matawi yakatwe kwanza, yabaki mashina ya kimo cha goti ili pawepo mahali pa kushika. Kisha udongo uchimbuliwe pande zote kwa jembe na sururu, mpaka shina ling'oke pamoja na mizizi mikubwa. Matawi yakaushwe na kuchomwa moto. Yasitupwe penye ndama, wala yasiachwe juu ya udongo wenye maji, kwani huweza kutoa mizizi.

Mbegu zilizolala ardhini huota mvua inyeshapo. Kwa hiyo afadhali kupanda maharagwe msimu mmoja, kwa kuwa mwenye kuyapalilia huing'oa pia miche ya lantana ingali midogo. Huenda wageni wakacheka kuona maharagwe mbele ya sebule. Na wacheke, maharagwe yataliwa.

Mvua fupi zikija, yapandwe mawaridi, au haibiskasi, ambayo huota kwa vipande vya matawi vilivyoombwa kwa jirani. Hapo ndipo wengi hukosea. Mche wenye kimo cha shubiri huonekana mpweke, basi hupandwa hatua moja tu kutoka ukutani, na wa pili ubavuni mwake. Haibiskasi hupita kimo cha mtu. Ipewe futi nne kutoka ukutani, na futi tano kati ya mche na mche. Nafasi iliyo wazi ijazwe maua ya msimu mmoja mpaka haibiskasi zitakapokutana.